Jiko linalojifunga lenyewe: ni kinga dhidi ya nini?

Muuzaji wa vifaa vya gesi, awe Kariakoo au katikati ya Nairobi, siku hizi ana bidhaa kadhaa za kumtuliza mteja anayeogopa gesi. Lipo jiko la pleti mbili lenye kijiti kidogo cha chuma kando ya kila kichomeo. Ipo regulata yenye saa ya presha, ghali kuliko ile ya kawaida. Ipo kengele ya kuchomeka ukutani, inayouzwa pamoja na vali ya umeme. Ipo pia regulata yenye kitufe cha muda, ambayo hukata gesi dakika zilizopangwa zikiisha. Zote hunadiwa kwa ahadi ileile: zinajifunga zenyewe. Mteja hulipa, akarudi nyumbani akiamini hatari imekwisha.

Vifaa hivi havifanyi kazi moja. Kila kimoja kimeundwa kuzuia ajali ya aina yake, na kwa ajali ya aina nyingine hakina msaada wowote. Kabla ya kuuliza kipi ni bora, au kama serikali ivifanye vya lazima, inabidi kujua gesi humdhuru mtu kwa njia gani, na kila kifaa kinasimama kwenye njia ipi.

Kwa nini swali limezuka sasa

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ukiwa na lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimepigwa marufuku kutumia kuni na mkaa. Kenya nayo iko katika safari hiyohiyo. Watu wengi waliozoea mafiga au jiko la mkaa sasa wanakutana na moto wenye tabia tofauti kabisa. Mkaa ukizimika, mambo yameisha. Gesi ikizimika koki ikiwa wazi, huendelea kutoka bila kuonekana.

Hofu nayo imepata sababu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, na nyumba na maghala yakaungua. Baada ya hapo wengi walitazama upya mtungi ulioko jikoni kwao. Lakini Embakasi ilikuwa habari ya kituo cha kujazia gesi katikati ya makazi, ambacho mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali chake. Hakuna jiko lolote duniani, liwe na vali za aina gani, ambalo lingezuia mlipuko ule. Ni muhimu kuutenga na mjadala huu, kwa sababu hofu iliyoelekezwa mahali pasipo pake huwarudisha watu kwenye mkaa, na mkaa nao unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Sharti lolote la usalama linaloifanya gesi ishindwe kununulika lina waathirika wake, hata kama hawaandikwi magazetini.

Gesi ikitoka, nini hutokea

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya meza, nyuma ya ndoo, kwenye pembe ambako upepo haufiki. Hewa ikifikisha takriban asilimia 2 ya gesi hiyo, cheche moja inatosha, iwe ya swichi ya taa, ya friji au ya kiberiti.

Hesabu ndogo inaonyesha muda ulivyo mfupi. Kichomeo cha kawaida kikiwa kwenye moto mkubwa hutumia takriban gramu 200 za gesi kwa saa, ambazo ni kama lita 100 zikiwa mvuke. Chukua chumba cha kupikia chenye sakafu ya mita tatu kwa tatu, madirisha yamefungwa, hewa imetulia. Gesi ikitanda kwa kimo cha sentimita 20 tu, inahitaji lita 36 ili tabaka hilo liwe la kulipuka. Kichomeo kilichozimika kikaachwa wazi kinazitoa kwa dakika 22 hivi. Mpira wa gesi ukichomoka kabisa kwenye jiko, regulata inayopitisha kilo moja kwa saa inazitoa kwa dakika nne.

Kwa hiyo kuna njia tatu zinazopaswa kutenganishwa. Ya kwanza: moto unazimika, koki ya jiko iko wazi. Ya pili: gesi inavuja kabla haijafika kwenye koki ya jiko, yaani kwenye koki ya mtungi, kimpira chake cha ndani, regulata au mpira. Ya tatu: hakuna gesi iliyovuja hata chembe, moto unawaka vizuri kabisa, ila chakula kimesahauliwa na mafuta yameshika moto. Karibu kila ubishi kuhusu vifaa hivi hutokana na kuchanganya njia hizi tatu.

Kijiti kando ya kichomeo

Kile kijiti cha chuma kinaitwa themokapo. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, huzalisha umeme kidogo sana, milivolti chache, lakini unatosha kuamsha sumaku ndogo iliyomo ndani ya koki ya jiko. Sumaku hiyo ndiyo inayoishikilia vali iwe wazi dhidi ya springi inayotaka kuifunga. Ndiyo maana jiko la aina hii hudai ubonyeze koki na kuishikilia kwa sekunde kadhaa baada ya kuwasha: unaisubiri ncha ipate moto. Moto ukizimika, ncha hupoa, umeme hukatika, sumaku huachia, springi hufunga gesi. Hakuna betri, hakuna umeme wa gridi, hakuna cha kukumbuka. Hata kama kifaa kitachelewa sekunde 90, gesi itakayokuwa imetoka ni gramu 5.

Nguvu yake kubwa iko kwenye jinsi kinavyoharibika. Themokapo ikikatika au ikiungua, vali haikai wazi na jiko haliwaki. Kifaa kibovu humnyima mtu chakula, hakimpi bomu. Ni sifa ambayo wahandisi huitafuta katika kila kitu cha usalama na mara nyingi hawaipati.

Kwa mapishi yetu, kinga hii inagusa mahali penyewe. Maharage, makongoro na pweza huchemka kwa moto mdogo kwa saa nzima au zaidi. Chai ya maziwa hufura ghafla na kumwagikia moto. Nyumba za pwani hupikiwa madirisha wazi, na ndivyo inavyopaswa kuwa, lakini upepo unaoondoa hewa chafu ndio huohuo unaozima moto mdogo. Bila themokapo, mpishi anaambiwa mambo mawili yanayogombana: fungua dirisha, na usiache upepo uzime moto. Ipo pia hali ya mtungi kuisha katikati ya mapishi: moto unakufa, mtu anasahau kufunga koki, na mtungi mpya unapofungwa gesi inaanza kutoka kimyakimya. Huduma za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zinaongeza mlango mwingine wa hatari hiyohiyo, kwani salio likiisha moto huzimika, na likiongezwa gesi inaweza kurudi kwenye koki iliyoachwa wazi, isipokuwa mita imeundwa kumdai mtumiaji aithibitishe kwanza akiwa jikoni.

Udhaifu wake upo, na wa kwanza ni fundi. Ncha ikipakwa masizi au mchuzi uliokauka, haipati moto vizuri, na koki inaachia kila mkono unapotoka. Dawa ni kuifuta. Lakini mwenye jiko aliyechoka kushikilia koki akimwita fundi asiyejali, sumaku inaweza kuondolewa au vali kukabwa iwe wazi daima, na jiko likabaki na sura ya usalama bila usalama wenyewe. Udhaifu wa pili hauna dawa: themokapo inatawala kile tu kilicho baada yake. Mpira ukipasuka nyuma ya jiko, haina habari.

Tukio la Ronan Point linalionyesha hilo kuliko maelezo yoyote. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, mkazi wa ghorofa ya 18 katika jengo jipya la ghorofa 22 mashariki mwa London aliwasha kiberiti ili achemshe chai. Mlipuko ulisukuma kuta za nje, pembe nzima ya jengo ikaporomoka, watu wanne wakafa. Uchunguzi ulikuta kuwa nati ya shaba iliyounganisha bomba na jiko ilikuwa hafifu na imevunjika. Vichomeo havikuwa na kosa lolote. Hata hivyo Uingereza haikukata tamaa na kinga ya kwenye kichomeo. Tangu 2008 majiko mapya yanayofungwa katika majengo ya nyumba za pamoja yanatakiwa kuwa nayo. Hoja ya kuanzia kwenye ghorofa ni ya haki: uzembe wa chumba kimoja usiwaue majirani ambao hawakuwa na kauli.

Regulata yenye saa

Hapa ndipo upotoshaji ulipo mwingi. Mnunuzi huambiwa kuwa saa ile inaonyesha gesi iliyobaki. Haionyeshi. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kimiminika kimebaki, presha hutegemea joto la mtungi na mchanganyiko wa gesi, si wingi wake. Mtungi wa Dar es Salaam uliobaki robo unaweza kuonyesha presha kubwa kuliko mtungi uliojaa wa Njombe asubuhi ya Juni. Mshale huanguka pale tu kimiminika kinapokwisha, wakati ambapo moto wenyewe umeshaanza kufifia. Anayetaka kujua kiasi kilichobaki apime mtungi kwenye mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu, ambao umeandikwa kwenye mtungi wenyewe.

Saa hiyo ina kazi moja nzuri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Funga koki zote za jiko, fungua mtungi, tazama mshale ulipo, kisha funga mtungi na usubiri dakika kadhaa. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja kati ya mtungi na jiko. Ukishajua hivyo, povu la sabuni litakuonyesha ni wapi. Kiberiti hakihusiki kamwe katika kutafuta uvujaji.

Kujifunga kwenyewe hutokana na vali ndogo iliyomo ndani ya regulata za aina hii, inayofunga njia gesi inapopita kwa kasi isiyo ya kawaida. Panya akikata mpira, au mpira ukichomoka, gesi hukimbia, vali ikajibana. Kwa ajali ya dakika nne niliyoitaja, kinga hii ina thamani kubwa, na themokapo haiwezi kuchukua nafasi yake.

Lakini tafakari mpaka wake. Vali hiyo lazima iruhusu gesi ya kutosha kuwasha vichomeo vyote kwa pamoja. Kwa jiko la pleti mbili hiyo ni gramu 400 kwa saa. Uvujaji wa gramu 200 au 300 kwa saa, machoni pa vali, hautofautiani na mtu anayepika pilau. Tundu dogo kwenye mpira uliozeeka, kimpira kilichopasuka ndani ya koki ya mtungi, koki ya jiko iliyolegea: yote haya yako chini ya kizingiti chake. Na anayeamini kuwa regulata yake inajifunga yenyewe ataipuuza harufu, akidhani kama kungekuwa na hatari ingekwisha kufunga. Kifaa kizuri kilichoelezwa vibaya kinaweza kupunguza tahadhari kuliko kinavyopunguza ajali.

Kengele na vali ya umeme

Kengele ndiyo pekee inayojaribu kugundua uvujaji mdogo, wa polepole, utokao popote. Kwa maana hiyo inafanya kazi ya pua. Gesi kwa asili haina harufu. Ile tunayoinusa ni kemikali iliyoongezwa, desturi iliyoenea baada ya mlipuko wa shule ya New London, Texas, Machi 1937, ulioua watu takriban 300, wengi wao watoto. Pua hata hivyo huzoea harufu, huzibwa na mafua, na haimwamshi kwa uhakika mtu aliyelala. Kengele iliyounganishwa na vali inaweza kukata gesi saa nane usiku.

Inategemea imefungwa wapi. Kwa gesi ya mitungi hukaa karibu na sakafu, sentimita 30 hivi juu yake. Kwa gesi asilia, ambayo ni nyepesi kuliko hewa, hukaa karibu na dari. Dar es Salaam ina nyumba za aina zote mbili, kwani shirika la petroli la taifa, TPDC, limeunganisha baadhi ya kaya za Mikocheni na bomba la gesi asilia huku kaya nyingine zikitumia mitungi. Kengele iliyofungwa kwa mazoea ya mtaa mwingine italia gesi ikiwa imeshajaa chumbani.

Umeme nao unaleta uamuzi mgumu. Vali ya aina moja hujifunga umeme ukikatika. Ni salama, ila wakati wa mgao familia haipiki, na watu watatafuta namna ya kuikwepa. Vali ya aina nyingine hubaki wazi mpaka kengele iifunge, basi giza likiingia hakuna ulinzi. Betri ya akiba hupunguza tatizo na kuongeza gharama. Kihisi chenyewe huchoka baada ya miaka mitano hivi, na wakati huo taa yake bado inawaka kijani. Zaidi ya hayo hushtushwa na dawa ya mbu, manukato na spiriti. Kengele inayolia bure mara tatu kwa wiki itachomolewa, na tundu lake litapata chaja ya simu.

Hivyo nyumba ya kawaida si mahali ambapo kengele inastahili kulazimishwa kwanza. Jiko la shule ya bweni, hospitali, gereza au hoteli lina mitungi mikubwa, watu wengi na mtu anayelipwa kuliangalia. Huko kengele na vali ziwe za lazima, na zikaguliwe. China ilizilazimisha sehemu za vyakula zinazotumia gesi kufunga vifaa vya kugundua uvujaji kwa sheria iliyoanza kutumika Septemba 2021. Hata hivyo, Juni 2023 mlipuko wa gesi katika mkahawa wa nyama choma mjini Yinchuan uliua watu 31. Sharti lisilofuatiliwa mlango kwa mlango hubaki karatasi.

Sufuria iliyosahauliwa

Njia ya tatu haiguswi na chochote kati ya vifaa hivyo. Themokapo huona moto unawaka, imeridhika. Kengele hainusi kitu. Wakati huohuo mafuta ya maandazi yanaelekea nyuzi 370, ambapo huwaka yenyewe bila kuguswa na moto.

Japani ililiona pengo hili. Tangu Oktoba 2008 majiko ya gesi ya nyumbani yanayouzwa huko lazima yawe na kinga ya moto kuzimika pamoja na kihisi kinachogusa kitako cha sufuria na kupunguza au kukata gesi joto likifika nyuzi 250 hivi. Katika miaka iliyofuata, mioto inayoanzia kwenye majiko ilipungua. Gharama yake ni kero: anayekaanga kwa moto mkali hukatizwa, na watengenezaji wakalazimika kuweka kitufe cha kuruhusu joto zaidi. Kwetu, anayekausha chuma cha chapati au kukaanga karanga kavu angekutana na kero hiyo kila siku, na sufuria zetu nyepesi za aluminiamu zenye vitako vilivyobonyea hazigusani na kihisi inavyotakiwa. Regulata yenye kitufe cha muda ni rahisi zaidi na haihitaji umeme, ila inategemea mtu aipange kila mara, na aliyesahau sufuria ndiye pia anayesahau kupanga muda. Iuzwe kwa anayeitaka, na kwa nyumba zenye wazee ni ununuzi wa busara.

Mtungi wa kilo 6

Mjadala wote huu umedhani kuwa kuna jiko, mpira na regulata. Kaya nyingi zinazoingia kwenye gesi hazina hata kimoja. Zina mtungi mdogo wenye kichomeo kilichofungwa moja kwa moja juu yake. Hakuna themokapo, hakuna regulata ya kujibana, na moto uko sentimita chache juu ya koki. Sufuria kubwa ya ugali ikisukumwa kwa mwiko, mtungi mzima unayumba.

Mpangilio huo una jambo moja zuri: hauna mpira, na mpira ni mahali pakubwa pa kuvuja. Ukimhamisha mtu kwenda kwenye regulata, mpira na jiko la pembeni, unamwondolea hatari ya kupinduka na kumpa ya mpira unaozeeka. Bado naona ni hatua ya mbele, kwa sababu mpira unaweza kukaguliwa na kubadilishwa, ilhali hakuna kifaa kinachoweza kufungwa kwenye kichomeo cha juu ya mtungi kikaaminika. Hadi hapo, kinga yake ni mkono unaofunga koki ya mtungi kila mapishi yakiisha, mtungi kukaa sakafu tambarare, na mlango kuwa wazi.

Kipi kitangulie

Nikivipima vyote, themokapo kwenye kila kichomeo cha jiko la ndani inastahili kuwa sharti la viwango kwa kila jiko la pleti mbili au zaidi, lidhibitiwe bandarini na viwandani na mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS. Haidai umeme wala kumbukumbu, na ikiharibika huharibikia upande wa usalama. Gharama inayoongezwa kwenye jiko ni ndogo mbele ya bei ya gesi yenyewe kwa mwaka.

Lakini sharti hilo peke yake lingeacha wazi njia ya pili, ile ya Ronan Point, na huko mzigo haupaswi kuachiwa mnunuzi anayechagua mpira kwa bei na rangi. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zilifuta utaratibu wa kampuni kubadilishana mitungi na kumfanya mwenye chapa awajibike kwa mtungi wake. Wajibu huo uongezwe mpaka kwenye koki ya jiko: regulata yenye vali ya kujibana na mpira wenye tarehe ya mwisho vitolewe na kampuni ya gesi, vikaguliwe mtungi unapobadilishwa, na mpira uliopitwa na wakati ubadilishwe papohapo. Bei itagawanywa katika kila ujazo, shilingi chache chache, badala ya kumsubiri mteja mlangoni kwa mkupuo.

Ruzuku nayo iangaliwe upya. Fedha inayonunua mitungi kumi ya kilo 6 yenye vichomeo vya juu ingeweza kununua seti chache zilizokamilika, na idadi ya kutangaza ingepungua. Huo ndio uamuzi mgumu ambao wizara italazimika kuufanya. Kwa maoni yangu ruzuku ya awamu inayofuata iende kwa kaya ambazo tayari zina mtungi, izipe regulata, mpira na jiko lenye themokapo, kabla ya kuongeza mtungi mwingine kwenye nyumba ambayo bado haina mahali salama pa kuuweka.